Mgonjwa atakuamini kuliko daktari, kwa hivyo jifunze kwanza

Watu wa vikundi vya walemavu na hata masista wa mahospitali huku Kisumu na Kakamega wamekuwa wakiniuliza, mtu akitaka kufundisha washauri rika wa watu walioumia uti wa mgongo, yaani walioumia zamani wanaosaidia walioumia juzi, aanzie wapi. Wengi wanakuja na jibu tayari kichwani: tafuta watu kadhaa wako kwa kiti cha magurudumu, wape tishati, wapeleke wadi wakapige stori na wagonjwa. Naheshimu sana mtu yeyote amejitolea hivo, lakini kwa hili sitazunguka. Kuumia peke yake hakumfanyi mtu mshauri. Mgonjwa amelala pale wiki ya tatu, miguu haisongi, kila mtu anayeingia ako wima na anamwambia pole, alafu anaingia mtu ako kwa kiti, amejisukuma mwenyewe, amevaa shati safi. Huyo mtu chochote atasema kitaaminiwa. Akisema dawa ya mitishamba fulani ilimsaidia, mgonjwa ataitafuta. Akisema yeye hunywa maji kidogo ndio asisumbuliwe na mkojo, mgonjwa ataacha kunywa maji, na figo hazijui huo ulikuwa ushauri wa rafiki.

Mimi niliumia kwa ajali ya matatu kwenye hii barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ile sehemu ya Salgaa ambayo kila mtu wa huku anaijua kwa mabaya yake. Ni T11, yaani pingili ya kumi na moja ya mgongo ukihesabu kuanzia chini ya shingo, kwa hivyo mikono iko sawa, tumbo kwenda chini ndio hakuna. Kwa wadi nilikuwa nimepata mahubiri na mawaidha ya kila aina, lakini kitu kiliniingia ni mzee mmoja alikuja akafunga breki za kiti chake, akahamia kwa kitanda tupu kilichokuwa kando yangu, akakaa hapo kidogo, akarudi kwa kiti. Hakunihubiria. Aliniuliza tu kama nimekula. Tangu siku hiyo nikaelewa hii kazi inafanywa na mwili kwanza, mdomo unafuata, na ndivyo tunafundisha mpaka leo.

Si jambo jipya pia. Kule Sweden tangu 1976 kuna watu wanafanya kambi za mafunzo ambapo mwalimu wa kiti cha magurudumu ni mtu anayekitumia mwenyewe, na hiyo njia imeenea nchi nyingi. Tofauti ni kwamba huku kwetu mwalimu huyo inabidi ajue pia barabara ya murram baada ya mvua, choo cha shimo chenye mlango mwembamba, na makanga anayetaka kiti kilipiwe kama abiria.

Tuanze na kuchagua watu, juu hapo ndipo mambo huharibika mapema. Usichukue mtu ameumia juzi hata kama ana moyo wa kusaidia. Sisi tunapendelea mtu ambaye ameishi na jeraha angalau miaka miwili, amepitia nyumbani, amepitia ile kupotelewa na marafiki, amepata namna yake ya kuishi. Angalia ngozi yake. Mtu mwenye vidonda vya kulalia kila mara bado anahitaji kusaidiwa, si kutumwa kufundisha, na hiyo unamwambia kwa upole na unamsaidia apone kwanza. Angalia kama anafika saa amesema atafika. Angalia kama anaweza kusimulia ajali yake kwa dakika chache tu na kunyamaza. Yule anayeongea vizuri sana kwa mikutano mara nyingi ndiye hawezi kutulia kando ya kitanda cha mtu anayelia.

Na uchanganye. Wadi ya mifupa ya hospitali kubwa ya huku haina aina moja ya mtu. Kuna kijana wa boda, kuna mama alianguka kwa mti wa parachichi akichuma za kuuza, kuna mchimba dhahabu wa Ikolomani aliangukiwa na udongo, kuna mtu wa trela ya miwa, kuna mwingine hata hakuanguka, ni TB ya mgongo ilimla pole pole akidhani ni maumivu ya kazi. Mtu aliyevunjika shingo, mikono haishiki kijiko, akiletewa mshauri kama mimi mwenye mikono yote anaona tu nimekuja kumwonyesha chenye hana. Anahitaji kuona mwenzake wa shingo, anayelishwa au anayekula na kijiko kimefungwa kwa mkanda mkononi, na bado ana biashara na bado anagombana na watoto wake kuhusu homuwaki.

Sasa lile swali. Kila mshauri ataulizwa, na mara nyingi siku ya kwanza: nitatembea tena? Tunatumia muda mrefu zaidi kwa hili swali kuliko kitu kingine chochote kwa mafunzo. Mshauri lazima aelewe kidogo kinachoendelea ndani. Baada ya mgongo kuumia kuna kipindi mwili wote wa chini unazima, saa zingine siku, saa zingine wiki kadhaa, na katika hicho kipindi hata daktari hawezi kusoma vizuri nini kimebaki. Kuna jeraha ambalo uti umekatika mawasiliano yote na kuna lile ambalo kitu kidogo kinapita, na tofauti ya hao watu wawili ni kubwa sana. Nguvu nyingi zinazorudi hurudi miezi ya kwanza, hadi kama mwaka hivi, alafu zinaenda polepole. Mshauri akiangalia tu kijana amelala hawezi kujua ako upande gani. Kwa hivyo hasemi "utatembea" na hasemi "hautatembea, zoea". Zote mbili ni uongo kwa mdomo wake.

Tunawakalisha wawili wawili, mmoja mgonjwa mmoja mshauri, wanajaribu. Wengi mara ya kwanza wanakimbilia Mungu au wanakimbilia stori yao. Tunarudia mpaka mtu aweze kusema kitu kama hiki bila kuyumba: "Ndugu yangu, mimi sijui mwili wako utafanya nini, hilo tumwachie daktari atakupima tena na umuulize. Chenye najua ni venye mtu anaishi leo akiwa hivi ulivyo, na hiyo naeza kukuonyesha." Alafu ananyamaza. Kunyamaza ndio kazi ngumu. Mgonjwa akilia, usimpe leso haraka haraka ndio anyamaze, usimwambie "wanaume hawalii", ngoja. Akisema "heri ningekufa" usibadilishe mada.

Hapo kwa kufa nikae kidogo. Mshauri lazima aambiwe mapema, si siri zote zinawekwa. Tunaahidi usiri kwa mambo ya ndoa, pesa, aibu ya choo, hayo yote yanabaki kati yenu. Lakini mtu akikuambia anataka kujiua, unamuuliza wazi kama amefikiria atafanyaje, haumwachi peke yake, na unamwambia sista akiwa anajua unamwambia. Watu wengi walikuwa wanaficha juu waliogopa polisi, na ni kweli sheria ilikuwa inafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, lakini Mahakama Kuu ya Kenya mwanzoni mwa 2025 iliamua hicho kifungu kinaenda kinyume na katiba. Washauri wajue hilo ndio wasije wakamtisha mtu ambaye tayari amebebeshwa mzigo mkubwa.

Baada ya hapo tunaingia kwa mwili, na hapa sitaki mtu apitie haraka. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la uti wa mgongo, na kwamba wako kwa hatari ya kufa mapema mara 2 hadi 5 kuliko wengine, na kwa nchi zisizo na pesa ndio mbaya zaidi. Wengi wa hao hawauliwi na uti wenyewe. Wanauliwa na kidonda, na mkojo, na maambukizi ambayo yangezuiliwa na mtu wa kuwaonyesha.

Ngozi kwanza. Kitandani mtu anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku pia, na mshauri anamfundisha mgonjwa kuitisha kugeuzwa bila kuona haya. Kwa kiti, kila dakika 15 hadi 30 unapunguza uzito kwa makalio. Wengi wanajiinua na mikono sekunde tano wanaona wamemaliza. Damu inahitaji kama dakika mbili ndio irudi vizuri pale, kwa hivyo heri uiname mbele kifua kielekee magoti, au uegemee upande mmoja alafu mwingine, na ukae hapo. Mshauri afanye mbele ya mgonjwa wakiwa katikati ya maongezi, bila kutangaza, mpaka mgonjwa aulize "kwani unafanya nini?" Akiuliza mwenyewe, hasahau. Alafu kioo kidogo, asubuhi na jioni, kuangalia mahali haoni. Ukiona wekundu au weusi hautoki ukitoka kukalia, haukalii tena mpaka utoke. Na mto wa kukalia uwe umetengenezwa kwa kazi hiyo, kile kipande cha godoro la zamani kikishabonyea kimekwisha kazi.

Kuna moto pia, ambao vitabu vya wazungu havisemi sana. Mama ako kwa kiti anatoa sufuria ya maji moto kwa jiko anaweka mapajani ndio ajisukume hadi mezani, hasikii, jioni anavua nguo anapata ngozi imetoka. Au mtu anaota moto Molo kwa ile baridi, miguu karibu na jiko. Washauri wetu wote wanajua kuuliza, "kwenu nani anapika, na vitu vya moto vinabebwaje?" Halafu upande wa joto, mtu aliyeumia juu, shingo au kifua cha juu, hatoi jasho vizuri sehemu ya chini ya jeraha, kwa hivyo jua la Kisumu la saa nane linaweza kumpandisha joto la mwili vibaya. Kivuli, kitambaa cha maji, chupa ya kujinyunyizia.

Mkojo ndio mada watu wanaogopa na ndio mada mshauri ana nguvu kuliko mtu yeyote, juu akisema "mimi mwenyewe najiingiza mpira wa kutoa mkojo" ile aibu inapungua pale pale. Wale wanaojitoa mkojo kwa mpira wa kuingiza na kutoa hufanya kila saa 4 hadi 6, ndio kibofu kisipite kama mililita 500. Mikono inaoshwa kwa sabuni kila mara, bila mzaha. Lakini mshauri hamfundishi mtu mara ya kwanza, na hagusi mpira wa mtu. Sista anafundisha, mshauri anasaidia kwa yale ya maisha: unafanyaje ukiwa safarini, ukiwa matanga, ukiwa kwa nyumba ya mkwe. Choo vilevile. Mtu akiwa na saa yake ya kwenda choo kila siku au siku moja baada ya nyingine, saa ile ile, ikiwezekana baada ya chakula ama chai ya moto, anarudishiwa uhuru wa kutoka nyumbani, na hiyo lazima aisikie kutoka kwa mtu ambaye anaenda kanisani na matanga bila wasiwasi.

Na kuna hatari moja ambayo hata kwa zahanati nyingi watu hawaitambui. Mtu aliyeumia T6 kwenda juu, yaani kuanzia usawa wa kifua mpaka shingo, anaweza kupandishwa presha ghafla na kitu kidogo huko chini ambacho hasikii: mpira umekunjika, kibofu kimejaa, choo kimekaa, kidonda, hata kucha iliyoingia kwa nyama au mshipi umekaza. Kichwa kinagonga vibaya, uso unakuwa moto, jasho juu ya jeraha, pua inaziba. Shida ni kwamba presha ya kawaida ya huyu mtu iko chini, ile ya juu mara nyingi 90 hadi 110, kwa hivyo akifika kliniki ikisoma 140 anaambiwa ako sawa tu aende akapumzike, kumbe kwake hiyo ni dharura na inaweza kumletea kiharusi. Kila mshauri wetu anajua hatua kama anavyojua jina lake: mkalishe wima, miguu ishuke, legeza nguo na mshipi, angalia mpira na kibofu, alafu choo, alafu ngozi, na kama haishuki, hospitali haraka. Na anamsaidia mtu kuandika kadi ya kubeba, iseme jeraha liko wapi na presha yake ya kawaida ni ngapi. Hiyo kadi ndogo mtu akiwa nayo hahitaji kubishana na mtu akiwa na kichwa kinapasuka.

Mipaka lazima iandikwe na isomwe kwa sauti. Mshauri hamwinui mgonjwa kitandani, hamgeuzi, hamkalishi, hasa zile wiki mgongo haujatulia, hata familia ikimwomba. Hasomi eksirei. Haambii mtu aache dawa. Hauzi kitu, hata kama anafanya biashara ya virutubisho na inamlisha, kando ya kitanda hauzi. Hapigii mtu kampeni na hahamishi mtu kanisa.

Familia ndio wanaosahaulika. Wadi mgonjwa anatembelewa saa moja, nyumbani atakuwa na mke au mama yake saa 24, na huyo mama hajui kugeuza mtu, mgongo wake mwenyewe unauma, na majirani wanamwambia ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko, au ni mkono wa mtu. Tunafundisha washauri wasicheke imani ya mtu na wasibishane nayo kwa kitanda. Unasema tu, "Mama, maombi yaendelee, na kugeuzwa kuendelee, na kliniki isikose." Mtu akipelekwa kwa mganga au kwa maombi ya siku nyingi na kulazwa chini kwa mkeka siku tatu, atarudi na kidonda cha kufika mfupa, hivyo ndivyo tunaeleza, bila kumdharau mtu yeyote.

Kuna maswali yataulizwa kwa sauti ya chini. Wanaume watauliza kama bado ni wanaume, na jibu la ukweli ni kwamba mambo yanabadilika, kuna dawa na njia za hospitali za kusaidia, na wengi wamepata watoto. Wanawake wataulizwa na wakwe kabla wao wenyewe hawajauliza. Mwanamke aliyeumia uti wa mgongo anaweza kushika mimba, hedhi hukatika kwa muda alafu ikarudi, na akiwa ameumia T6 kwenda juu lazima aseme kliniki mapema kuhusu ile hatari ya presha, juu uchungu wa kuzaa unaweza kuileta. Haya ni ya mshauri wa kike. Ukifundisha wanaume kumi bila mwanamke hata mmoja, umeacha hao kina mama wabaki na maswali yao, na naona hilo likifanyika kila mahali juu wanawake wenye jeraha hili wanafichwa nyumbani na hakuna mtu anaenda kuwatafuta. Nenda uwatafute. Uliza wahudumu wa afya wa jamii, wanajua kila boma.

Kuhusu pesa nitasema wazi. Lipa nauli ya mshauri na ya kiti chake, na chakula cha mchana, kabla ya siku kufika. Huwezi kuchukua mtu kutoka Ahero au Mumias, alipe matatu mara mbili, akae wadi mchana mzima, arudi na asante. Na pia usimwache atembelee watu wengi siku moja. Akikaa kwa kiti kutoka asubuhi hadi jioni akisikiliza machungu ya watu, ngozi yake inaumia na roho pia. Kwetu wagonjwa wawili kwa siku wanatosha, na baadaye washauri wanakaa pamoja na mtu mmoja mzoefu, wanatoa yale wamebeba. Kuna wengine wataota ajali yao tena. Huyo anapumzishwa, na hajafukuzwa.

Upande wa makaratasi usichukue muda mwingi, ila washauri wajue njia: kupimwa ulemavu kwa hospitali ya kaunti, kujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na aliyeajiriwa ajue kuna msamaha wa kodi ya mapato hadi shilingi 150,000 kwa mwezi. APDK, shirika la watu wenye ulemavu wa viungo Kenya ambalo limekuwepo tangu 1958, linatengeneza viti humu nchini. Kiti cha msaada ambacho ni kipana kuliko mtu kinamharibu mgongo na makalio, kwa hivyo mshauri afundishwe kuangalia kama mtu ametoshea kabla ya picha kupigwa.

Kipindi kigumu kuliko vyote ni wiki za kwanza nyumbani, na hapo ndipo mipango mingi huishia, juu ripoti za wafadhili zinahesabu watu waliotembelewa wadi. Sisi mshauri anapiga simu ile wiki mtu ametoka, na anarudia wiki inayofuata, na maswali yake si "uko aje" peke yake. Anauliza nani anakugeuza usiku, choo umefika aje, mkojo una rangi gani, umetoka nje ya nyumba lini. Ikiwezekana anaenda hadi huko, na fundi wa kijiji akiwa hapo, wanapima mlango wa choo pamoja. Mbao mbili na simiti kidogo mlangoni mara nyingi ndio zimeamua kama mtu atakaa nje na wenzake au atakaa chumbani.

Kama uko Nakuru, Busia, Homa Bay, popote huku, na una mtu mmoja tu anayefaa, usingoje wawe kumi. Ongea na sista msimamizi wa wadi ya mifupa na mtu wa fizio, wakubaliane siku moja kwa wiki, wakupe mtu mmoja wa kuelekezwa kwake mambo yakiharibika, na waandike hayo makubaliano. Mkishaelewana hapo, huyo mshauri wako aanze na mgonjwa mmoja, yule sista anaona ananyamaza sana.